Sauti Bila Kikohozi

Kizuri hakijiuzi. Aliyesema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza hakuwahi kushona mto maishani mwake, wala hakuwahi kukaa nyuma ya dirisha lenye mito safi iliyopangwa kama mayai, akiwatazama watu wakipita kwenda kununua sponji la dukani ambalo likilaliwa miezi michache hubonyea katikati kama sahani ya supu. Kizuri kikinyamaza huingia vumbi, na kibaya kikipiga kelele hupata wateja. Hilo ndilo Mama Mito alilolijua uzeeni, na lilimuuma kuliko sindano.

Mama Mito alishona mito ya sufi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa kiwanda: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, majora ya kitambaa cheupe juu ya kabati, na kwenye kona gunia la sufi lililokaa kama mgeni asiyeaga. Sufi ni nyepesi kuliko neno. Ukifungua gunia kwa pupa, chumba kizima kinageuka wingu, na wingu hilo hukaa kwenye nywele, kwenye chai na kwenye pumzi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikatazwa kupiga chafya humo tangu anatambaa. "Chafya moja hapa ni mto mmoja umepotea," mama alikuwa akisema.

Binti huyo aliitwa Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno na tangu hapo hakuwahi kufika kituo. "Huyu sikumzaa," mama aliwaambia wateja, "huyu nilimtangaza."

Siku moja mchana mwanamke mmoja alisimama dirishani, akachukua mto, akaupiga ngumi, mto ukamrudishia ngumi yake. Akausifu. Kisha akauliza, "Mpo mtandaoni?"

"Tupo hapa," Mama Mito akajibu.

Yule mwanamke akacheka, akaurudisha mto mahali pake, akaenda zake.

Mama Mito alikula chakula cha jioni akilitazama dirisha. Alipomaliza kunawa alimgeukia binti yake. "Chiriku. Hilo domo lako nimelilisha miaka yote hii halijanizalishia hata kifungo. Nenda kajifunze huko mtandaoni watu wanauzaje."

"Mama, huko ni kazi ya watu wenye..."

"Wenye nini? Wenye midomo. Wewe unao wa akiba."

*

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la kalamu na karatasi. Mwalimu alikuwa kijana mrefu mwenye tai fupi, na wanafunzi walimwita Mwalimu Bando, kwa sababu alifundisha kuuza mtandaoni hali bando lake mwenyewe la intaneti lilikuwa likikata katikati ya somo. Likikata alisema, "Hapa tusubiri kidogo," kisha akaazima simu ya mwanafunzi. Lakini kazi aliijua.

"Ukimuuzia kila mtu, hujamuuzia mtu," aliwaambia. "Mtafute mmoja. Analala wapi? Anaamka na maumivu gani? Zungumza na huyo."

Aliwafundisha kupiga picha karibu na dirisha na kuuacha mwanga wa taa. Aliwafundisha kusoma ile mistari inayopanda na kushuka: nani ametazama, ametazama mpaka wapi, ni neno gani lililomchosha akakimbia. Aliwafundisha kumjibu mtu kabla hajapoa. Na kila siku, kabla ya kufuta ubao, alirudia jambo moja: "Anayebonyeza moyo si mteja. Moyo haugharimu kitu. Mteja ni yule anayeuliza bei, ukimjibu hakimbii."

Chiriku alishika yote isipokuwa moja. Mwalimu aliwagawia matangazo yaliyokwisha kuandikwa, wao wajaze jina la bidhaa tu: Je, umechoka na nanihii? Usikose ofa hii kabambe! Chukua hatua sasa!

"Hiki ni Kiswahili cha kwenye kopo, Mwalimu," akasema.

"Kinauza."

"Kinauzia nani? Mimi mtu akiniambia 'chukua hatua', natazama miguu yangu."

Darasa likacheka, na Mwalimu Bando naye akacheka. "Haya, mwenye lugha. Andika chako tuone."

Chake kilikuwa hivi. Alitandika shuka jeupe kitandani kwao, karibu na dirisha. Akamvalisha mama yake gauni jeupe, akamlaza chali juu ya mto mnene kuliko yote, mikono kifuani, macho yamefumbwa, kitabasamu kwa mbali. Mwanga ulianguka vizuri mno. Chini ya picha akaandika maneno mawili tu, kwa sababu maneno machache ndiyo yanayokaa: Lala salama.

Kufika adhuhuri simu ilikuwa haitulii. Chiriku aliruka kwa furaha mpaka alipoanza kusoma.

Poleni sana wafiwa. Alikuwa mtu wa watu. Mbele yake, nyuma yetu. Mazishi lini? Na mmoja, Mungu amsamehe: Poleni kwa msiba, na huo mto mnauza?

Hakumaliza kusoma, simu ya mama ikaita. Alikuwa Mjomba, kaka mdogo wa mama, anayekaa mji mwingine. Alikuwa analia mpaka anakoroma.

"Nani huyu?" akauliza.

"Mimi dada yako," mama akasema.

"Dada yangu si amefariki?"

"Basi zungumza na huyu aliyebaki."

Mjomba alipiga ukelele, kisha akacheka, kisha akalia tena, sasa kwa raha. Akaapa kwamba atakuja kumwona, tena upesi, wasipotezane hivi, damu ni damu. Mama akamwambia karibu, chumba kipo, mito ndiyo usiseme. Alipokata simu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukingo wa cherehani.

"Wameniua kabla ya siku yangu," akasema alipopata pumzi. "Chiriku, picha yangu imekufa. Sasa acha sauti iseme. Washa hicho kidude chako."

Chiriku akawasha. Mama akaisogelea simu kama anayemnong'oneza jirani juu ya ukuta.

"Jamani, hamjambo wapendwa wangu? Mimi ni Mama Mito. Sijafa. Nilikuwa nimelala tu, na kosa ni la mto."

Hilo ndilo tangazo lililowafungulia mlango. Watu walilirusha huku na huku, wakawatumia waume zao, mabosi zao, walinzi wao waliolala zamu. Chiriku alipolipeleka darasani, Mwalimu Bando alilisikiliza mara mbili, akayachukua yale matangazo yake ya kopo, akayatia mfukoni.

*

Tangu hapo kazi ikawa hiyo. Asubuhi mama hushona na kusema, Chiriku hunasa sauti kwa simu. Mchana Chiriku hukata, hupanga, hujibu wateja, hufunga mizigo. Ukoo mzima ulilazimishwa kuufuata ukurasa, maana mama alimpigia ndugu mmoja mmoja: "Nifuate." "Nikufuate wapi, dada?" "Huko huko kwenye simu, usivae viatu." Mama Mdogo, mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyekuwa mwaminifu kuliko wote. Tangazo likitoka tu, moyo wake mwekundu unafika kabla ya mtu mwingine kutazama.

Lakini ile sufi iliyokaa kwenye pumzi ya mama kwa miaka ilikuwa imeanza kudai makao. Kikohozi kilichokuwa cha asubuhi kikawa cha mchana, kikaja kikawa hakina saa. Walikwenda hospitali. Daktari alieleza kwa maneno marefu. Mama akamwomba afupishe. Daktari akasema mapafu yamechoka.

"Hayapewi likizo?" mama akauliza.

Daktari hakucheka. Hapo ndipo Chiriku alipojua.

Njiani kurudi mama alimshika mkono. "Hili ni letu. Usimwambie mjomba wako, usimwambie mama yako mdogo. Wakijua watakuja kunililia pale, sufi yangu ilowe."

"Mama, ni ndugu zako."

"Ndiyo maana. Ndugu wakija kuaga, mtu inabidi aondoke."

"Na hivyo vikohozi kwenye sauti?" Chiriku akauliza. "Vitoe," mama akasema. "Nani atalalia mto wa mtu anayekohoa?"

Chiriku akajifunza kuvitoa. Sauti ikiwekwa kwenye simu huonekana kama mstari wenye vilima. Maneno ni vichuguu, kicheko ni milima inayofuatana, na kikohozi ni jabali linalosimama peke yake. Unaweka kidole mwanzo wake, unaweka kidole mwisho wake, unakata, kingo mbili zinakutana kama mshono mzuri. Mwalimu Bando hakuwafundisha hilo. Alijifundisha mwenyewe, na akawa hodari. Akakata kikavu, akakata cha majimaji, akakata hata pale mama alipovuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Ulimwengu ukamsikia Mama Mito mzima wa afya, anacheka, anatania, anasema bila kituo. Watu wakaandika, mama huyu ana nguvu jamani, Mungu ampe maisha marefu.

Lilipofika somo la kupanga matangazo, Mwalimu Bando alisema, "Mfanyabiashara wa mtandaoni analala kama watu wengine. Lakini akilala, tangazo lake liko macho. Unaliandaa leo, unalipangia tarehe, siku ikifika linatoka lenyewe." Chiriku alirudi akamweleza mama.

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Yaani naweza kusema hata nikiwa sipo?"

"Hata ukiwa umelala, umesafiri, popote."

"Na yanaweza kupangwa mpaka mbali?"

"Mbali tu, mama. Unavyotaka wewe."

Mama alitazama gunia la sufi. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Basi niletee maji ya moto, tuanze. Leo pumzi ipo."

Wakanasa asubuhi ile, na asubuhi nyingine, kila pumzi ilipopatikana. Chiriku alikata, akayapa tarehe, akayafunga. Alidhani anajifunza biashara.

*

Siku za mwisho mama hakuweza kulala chali; akilala hivyo kifua kilimzamisha. Chiriku alimjengea ukuta wa mito mgongoni na ubavuni, akalala ameketi. Asubuhi moja mwanga ukiwa umeshafika kwenye cherehani, Chiriku alileta uji akamkuta ametulia, kichwa kimeinama upande, kikohozi hakipo. Alikaa akisikiliza. Alikuwa ameshazoea kukitoa kwenye sauti yake, na sasa kimetoka chenyewe. Mwanamke aliyewalaza watu wa mji mzima alikufa ameketi.

Ndugu wakaja wote. Wakauliza, aliugua lini? Chiriku akasema kifua. Wakatazamana. Msiba haukuwa mahali pa kuhojiana, wakayameza, lakini yalibaki kooni.

Makaburini, Mjomba ndiye aliyepewa kusoma wasifu. Alisimama mbele ya jeneza, akasoma, akafika pale panaposema marehemu alikuwa mchapakazi. Hapo simu zikatikisika. Ilitikisika ya Mama Mdogo mkobani, zikatikisika za mabinamu, mifukoni, mikononi, mwendo mmoja, kama kundi la nyuki lililopita chini ya nguo za watu. Ukoo mzima ulikuwa ukiufuata ukurasa. Mjomba akaingiza mkono mfukoni ainyamazishe yake. Macho yamejaa machozi, kidole kikagusa pasipo pake.

"Jamani, hamjambo wapendwa wangu?" sauti ya Mama Mito ikasema kwa nguvu, kunjufu, bila kikohozi hata kimoja.

Na mtu mmoja nyuma kabisa akaitikia kwa mazoea, "Hatujambo!"

"Leo sisemi mengi," sauti ikaendelea, "leo nimejipumzikia. Nimepata mahali pangu, pamenyooka, pametulia, hapana wa kuniamsha. Na wewe tafuta mto wako mapema, usije ukasema hukuambiwa." Ikafuata kicheko kile kirefu, milima inayofuatana.

Mama Mdogo alikaa chini kwenye udongo. Mjomba alikuwa akiigonga simu kwa kiganja kama mtu anayeua mende. Na Chiriku, aliyekuwa amesahau, wallahi amesahau, kwamba matangazo yamepangwa, na kwamba lililokuwa la siku ile ni lile, alisimama na mkono mdomoni. Lakini ndani yake, chini kabisa ya kilio, kulikuwa na kitu ambacho hakuthubutu kukitaja mbele za watu. Alifurahi kumsikia.

"Vizime hivyo vitu," Mjomba alimwambia njiani. "Leo leo."

"Nimesikia, Mjomba," akasema. Na kusikia si kutii.

Alijaribu. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akafungua ukurasa, akaona foleni ya matangazo yanayosubiri siku zao, kila moja na tarehe yake. Kufuta ni kugusa mara moja tu. Aliinua kidole, akakishusha pajani. Tangazo lililofuata likatoka lenyewe. Wateja wakaagiza, wengine wakatoa pole, wengine wakafanya yote mawili kwa pumzi moja. Akawajibu wote. Akashona foronya, mshono ukapinda, akaufumua, akashona tena.

Ajabu ni kwamba ile sauti ya kwenye matangazo haikumtosha. Kila alipoisikiliza aliona imekuwa ya watu wote. Ilikuwa laini mno. Alikuwa ameipiga pasi mwenyewe. Akaanza kumtafuta mama yake kwingine. Ndipo alipokumbuka kwamba simu haitupi mara moja kile kilichokatwa. Inakiweka kando kwanza. Akafungua huko. Vilikuwa vimelala pale, vipande na vipande, majabali yote aliyoyang'oa.

Akaviokoa kimoja kimoja. Kikohozi kifupi cha kabla ya chai. Kile kirefu kinachoishia na "ah!" ya kujicheka. Kipo ambacho ndani yake mlikuwa na neno. Mkasi wake ulilikata kwa haraka pamoja na kikohozi. "Chiriku, mwana..." halafu jabali, halafu kimya. Mwanangu nini? Alitaka kusema nini? Alikisikiliza simu ikiwa sikioni, amejilaza kwenye gunia la sufi, vumbi jeupe likimtua usoni. Kile alichowaficha watu ndicho kilichomsalia yeye.

*

Wageni walipopungua, Mjomba aliita kikao. Walikaa chumba cha mbele, yeye kwenye kiti, Mama Mdogo kwenye mkeka na mto mapajani, Chiriku mbele yao. Mlango ulifungwa.

"Jana imetoka sauti nyingine," Mjomba alianza. "Nilikuambia nini?"

"Ulisema nizizime."

"Na wewe?"

"Sikuzizima."

"Mama yako amekufa, na bado unamfanyisha kazi! Kuna mtu gani duniani anayemtuma maiti sokoni?"

"Alijituma mwenyewe, Mjomba. Aliniuliza yanaweza kufika mbali kiasi gani. Alijua anakwenda wapi."

"Usinichezee kwa maneno. Najua domo lako." Akainama mbele, na sauti ikabadilika, ikawa ya chini. "Hilo nalo tuliweke kando. Nimeongea na daktari. Alikuwa anakohoa mwaka mzima. Mwaka mzima, Chiriku. Mimi nilikuwa namsikiliza kwenye matangazo kila wiki, anacheka. Nikawa nasema, dada yangu mzima, nitakwenda mwezi ujao. Mtu anayecheka vile haugui! Kumbe wewe unakaa hapa unamchambua kama sufi, mbegu huku, nyuzi huku, unatuletea nyuzi tu. Umetunyima kumuaga."

Hilo lilikuwa kweli. Angekiacha kikohozi kimoja tu, kimoja kati ya vyote, Mjomba angekisikia akapanda gari. Dada angemwona kaka. Chiriku alikuwa ameliwaza hilo mara nyingi kuliko wao, na alijua kwamba ataliwaza mpaka naye azeeke.

"Aliniambia nivitoe," akasema. "Aliniambia nisiwaambie. Alikuwa mama yangu. Kwangu lake ndilo lililokuwa sheria."

"Na sisi ni nani?"

"Ninyi mlikuwa na namba yake."

Mama Mdogo alianza kulia polepole juu ya mto. "Mimi nilikuwa nabonyeza moyo," akasema. "Kila tangazo. Sikuwahi kuruka."

"Najua, Mama Mdogo. Niliona. Mama alikuwa akiniuliza, 'Mdogo wangu ameandika nini leo?' Namwambia, hajaandika, amebonyeza moyo. Anasema, 'Hata huo ni moyo.' Kesho yake anauliza tena."

Mama Mdogo akauficha uso wake kwenye mto.

"Yatosha!" Mjomba akasema. "Sasa unatuhukumu sisi?"

"Simhukumu mtu. Mjomba, siku ile ya picha, alipokufa mara ya kwanza, ulilia ukasema utakuja. Alikutandikia chumba. Foronya alizishona mpya, zimo kabatini mpaka leo. Alikuwa hajaanza kukohoa vibaya. Hakukuwa na cha kukata wala cha kuficha. Ulimngoja afe tena."

Mjomba alifunga macho kama mtu aliyepigwa. Alipoyafungua yalikuwa mekundu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na kwa dakika ile Chiriku aliona jinsi alivyofanana na mama pale taya linapokutana na sikio, akatamani kumkumbatia, aseme lolote analotaka kusikia.

"Sikiliza," Mjomba akasema. "Mimi sitaki fedha yako, sitaki mito yako, nyumba kaa nayo. Nataka ufute sauti zile, halafu upige magoti hapa, mbele yangu na mama yako mdogo, uombe radhi kwa kutuficha dada yetu. Ukifanya hivyo yamekwisha, wewe ni mwanetu. Usipofanya, nikitoka mlango huu sina mpwa."

"Sema tu, mama," Mama Mdogo akamsihi, uso umelowa. "Ni neno moja. Samahani. Wewe maneno hayajawahi kukushinda. Sema, yaishe, tusipoteane. Tumebaki wangapi?"

Nje watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Chiriku alimtazama mama yake mdogo, akamtazama mjomba wake, ndugu wawili wa mwisho wa tumbo moja na mama yake. Neno lilikuwa pale pale, karibu na meno. Ni kweli hayajawahi kumshinda. Lakini kuliombea hilo radhi ni kusema kwamba mama hakuwa na haki ya kuchagua asikike vipi. Ni kusema kwamba yule mwanamke aliyekaa kwenye ukuta wa mito, akasubiri pumzi, akacheka kwa ajili ya watu wasiokuja, alikuwa mwongo na bintiye shahidi wake.

"Mjomba," akasema, na sauti haikumtetemeka ingawa machozi yalikuwa yakishuka mpaka shingoni. "Ninawapenda. Kikombe chenu cha chai kipo hapa siku yoyote mkikitaka. Nitalia nikimkumbuka, na nitalia mkienda. Lakini magoti sipigi, na sifuti kitu. Kesho asubuhi atasema tena. Siombi radhi."